Mbunge wa Uingereza hana mfuko wa jimbo, hajatoa hata bati moja, ila mimi kanisaidia. Mliopo huku tuelezane

Kijana wa Makorora #1

Wakuu, salaam.

Nipo Uingereza mwaka wa sita sasa, mji mmoja wa Midlands, kazi yangu kulea wazee. Uzi huu umeletwa na shemeji yangu. Wiki iliyopita kapiga simu toka Tanga, katikati ya stori akauliza, "Hivi mbunge wenu huko amewajengea nini?" Nikacheka, halafu nikakosa jibu. Hajajenga darasa, hajachimba kisima, hajaleta gari la wagonjwa lenye picha yake ubavuni. Na bado ndiye mwanasiasa pekee aliyewahi kunisaidia mimi kama mimi.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka juzi maombi ya mke wangu yalikwama kwenye ofisi moja ya serikali, jina naliacha. Muda waliojipangia wenyewe ukapita, ikaongezeka miezi minne, kila nikipiga simu naambiwa yapo kwenye foleni. Bibi mmoja ninayemhudumia, ana miaka 91, akaniona nimenuna akauliza kulikoni. Nikamweleza. Akasema mwandikie mbunge. Nikamwambia bibi, mimi si raia, wala sikumpigia kura. Akaniangalia kama nimemtukana. "Unaishi hapa?" Naishi. "Basi ni wako."

Nikaandika barua pepe usiku ule ule, Kiingereza cha kuungaunga. Kesho yake mchana karani wake akajibu. Alitaka anwani yangu na postikodi, namba ya maombi, na ridhaa yangu ya maandishi ili waweze kuulizia kwa niaba yangu. Chama changu hakukiuliza. Postikodi ndiyo mchezo wote, maana ukiwa upande wa pili wa mpaka wa jimbo unaambiwa kwa upole uende kwa mwenzake. Wana desturi ya kutoingiliana kwa watu wao.

Wiki ya tatu majibu yakatoka. Siwezi kuapa kuwa ni ile barua, pengine zamu yetu ilikuwa imefika tu. Lakini nilichoona ni kwamba ofisi ile ilimjibu YEYE kwa maandishi, mimi niliyesikilizishwa muziki wa simu miezi yote.

Wenye uelewa tuchambue: huyu mtu kazi yake hasa ni nini, anapatikanaje, na kwa nini bungeni hawaitani kwa majina?

Mushi wa Leeds #2

Nimevuta kiti. Ngoja waje wenye uelewa, sisi wengine tunawaona kwenye taarifa ya habari tu wakizomeana.

Fundi Bomba Mwanakwerekwe #3

Sasa kama hana mfuko, barabara anatia lami nani? Na mashimo yapo huko au hayapo? Maana mie naambiwa Ulaya hakuna mashimo.

MamaNdizi #4

@Fundi Bomba mashimo yapo baba, na watu wanayalalamikia kuliko mvua. Ila hayo ni ya halmashauri. Taka, maegesho, taa za mtaani, hayo mtafute diwani. Mbunge kazi yake ni sheria na kuisimamia serikali kuu, na kukusemea wewe mbele ya hiyo serikali.

Niliwahi kujitolea kwenye ofisi ya mbunge mmoja London, mwaka na nusu, nikifungua barua. Niwaambie kilicho ndani. Siasa za kwenye TV pale huzisikii. Unasikia ukungu wa ukutani kwenye nyumba za halmashauri, mama aliyekatiwa posho ya ulemavu, mtoto aliyekosa nafasi shuleni, viza, viza, viza. Kwenye majimbo yenye wageni wengi kama letu, viza ndizo zinazojaza mafaili. Ofisi nzima ni watu wanne au watano. Mishahara yao hailipwi na mbunge, inalipwa na chombo huru kilichoundwa baada ya kashfa ya 2009, ile ya posho. Kuna mbunge alidai fedha za kununua kibanda cha bata bwawani kwake, pauni 1,645. Madai yalikataliwa, lakini kibanda cha bata ndicho watu wanachokikumbuka mpaka leo.

Ratiba yake iko hivi: Jumatatu hadi Alhamisi Westminster, yaani bungeni, Ijumaa na Jumamosi jimboni. Siku ya kusikiliza kero wanaiita "surgery", jina lile lile la chumba cha daktari, na kweli watu wanakaa kwenye viti wakisubiri kuitwa kama wagonjwa. Inafanyika maktaba, ukumbi wa kanisa, hata kona ya supamaketi. Hakuna kadi ya chama wala kiingilio, na wakati wangu hapakuwa hata na mlinzi mlangoni.

Hapo kwenye mlinzi ndipo pagumu. Jo Cox, mbunge wa Batley and Spen, aliuawa Juni 2016 pale Birstall, nje ya maktaba alikokuwa anakwenda kusikiliza watu wake. David Amess wa Southend West aliuawa Oktoba 2021 ndani ya kanisa, watu wakiwa wanasubiri zamu. Stephen Timms wa East Ham alichomwa kisu 2010 na mtu aliyeweka miadi kama mwananchi wa kawaida. Alipona, na baadaye akaendelea kukaa na watu meza moja. Siku hizi ofisi nyingi hazitangazi mahali mpaka uweke miadi. Southend yenyewe ilipewa hadhi ya jiji kwa kumkumbuka Amess, maana alikuwa ameililia miaka na miaka bungeni mpaka wenzake wakawa wanacheka.

Kijana wa Makorora #5

Mama umeniliza. Huyu wa Southend sikuwa najua habari ya jiji.

Ngosha Mkavu #6

Mnasifia sana wazungu. Huyo mbunge wenu ni wa chama kwanza, ninyi baadaye. Wala halazimiki kuishi jimboni, wala kuzaliwa hapo, wala kujua soko liko wapi. Makao makuu yakimtaka yanamshusha kwa parashuti.

Mfano wa juzi tu, 2024. Richard Holden, mwenyekiti wa chama cha Conservative wakati huo, alikuwa mbunge wa North West Durham, kaskazini kabisa. Mipaka ikachorwa upya, jimbo likafutwa. Akaibukia Basildon and Billericay, Essex, mamia ya kilomita kusini, na wanachama wa pale wakaletewa jina moja tu la kuchagua: lake. Wakanung'unika weee. Akashinda kwa kura 20. Ishirini! Kura za mezani mwa harusi.

Hata Churchill mnayemwimba alihama majimbo kama mpangaji: Oldham, Manchester, Dundee, Epping, kisha Woodford. Dundee walimtimua 1922 na kiti wakampa mtu ambaye sera yake kubwa ilikuwa kupiga marufuku pombe. Uskochi!

Mushi wa Leeds #7

Uskochi kupiga marufuku pombe 😂😂 huyo alishinda kwa maombi.

Wakili Msomi #8

Ngosha una hoja, ila nusu. Niweke mambo sawa, nitakuwa mrefu kidogo.

Majimbo yako 650, kila jimbo mbunge mmoja. England 543, Uskochi 57, Wales 32, Ireland ya Kaskazini 18. Hakuna viti maalum wala wabunge wa kuteuliwa. Hao wasiopigiwa kura wako nyumba ya pili, ya Malodi, na hao hawana majimbo. Mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndiye mshindi, hata kama robo tatu ya jimbo haikumtaka. Mfumo huu mnaujua, ndio waliotuachia.

Matokeo yake yaangalie 2024. Labour walipata takriban asilimia 34 ya kura zote, wakaondoka na viti 411. Reform walipata asilimia 14, wakaambulia vitano. Liberal Democrats, wenye kura chache kuliko Reform, wakabeba 72, kwa sababu za kwao zilirundikana mahali panapofaa. Yaani jiografia ya kura ina uzito kuliko kura zenyewe. Ndiyo maana mipaka ya majimbo huko ni vita kamili, na kazi ya kuichora wamenyang'anywa wanasiasa, wanafanya makamishna huru. Hesabu ya mwisho waliyotumia: kila jimbo liwe na wapiga kura karibu 73,393, ukizidisha au kupunguza isipite asilimia 5. Wales walipotoka viti 40 kwenda 32, sababu ilikuwa hiyo.

Visiwa vimesamehewa. Na h-Eileanan an Iar, visiwa vya magharibi mwa Uskochi, wana wapiga kura kama 21,000 tu na mbunge wao kamili. Isle of Wight walikuwa kinyume chake, zaidi ya laki moja na mbunge mmoja, sasa wamegawiwa viti viwili. Watu wa bahari walikataa kuunganishwa na bara, wakasikilizwa. Wapemba na Wamafia mtanielewa.

Zamani ilikuwaje? Hapa ndipo ninapopapenda. Kabla ya 1832 kulikuwa na jimbo linaitwa Old Sarum. Ni kilima. Mji ulikuwa umehama karne nyingi nyuma, yamebaki majani na kondoo, lakini kilima kina wabunge wawili, kwa sababu mfalme fulani wa kale alitoa hiyo haki na hakuna aliyeifuta. Wapiga kura hawafiki ishirini, na mwenye ardhi ndiye anayewapanga. Familia ya Pitt iliinunua, na William Pitt mzee, aliyekuja kuwa waziri mkuu, aliingilia bungeni kwa kilima hicho. Kuna na Dunwich, pwani ya Suffolk. Bandari kubwa ya zamani, bahari ikaila mtaa kwa mtaa, kanisa kwa kanisa, mpaka ikabaki kijiji. Wabunge wao wawili hawakuzama. Wakati huo huo Manchester, imejaa viwanda na moshi, haikuwa na mbunge wake hata mmoja. Sheria ya 1832 ilifuta majimbo 56 ya namna hiyo kwa mkupuo mmoja.

Kuhusu majina. Ukumbini mbunge hamtaji mwenzake kwa jina, anasema mheshimiwa wa jimbo fulani. Spika peke yake ndiye anayeita majina. Na mkorofi akizidi, adhabu yake inaitwa hivyo hivyo, kutajwa: Spika anamtaja rasmi, wenzake wanapiga kura, anatolewa. Wanaosema kwenye ule ukumbi ni majimbo, mtu ni kipaza sauti tu. Na ukumbi wenyewe ni mdogo, viti havifiki 430 kwa watu 650, siku ya kishindo wanasimama milangoni kama daladala za Mbagala.

Fundi Bomba Mwanakwerekwe #9

Kilima kina mbunge! Wacha we. Na mji uliokuwa chini ya bahari nao una mbunge. Bora hao samaki walisemewa.

Ngosha Mkavu #10

Wakili umeandika gazeti ila hujanijibu. Mbunge akishaingia, mwananchi ana nguvu gani mpaka miaka mitano iishe? Hakuna.

Wakili Msomi #11

Ipo, ila ndogo. Tangu 2015 kuna sheria ya kumrudisha mbunge nyumbani. Si kila ukikasirika. Lazima kwanza afungwe jela, au asimamishwe bungeni siku kumi za vikao au zaidi, au akutwe na hatia ya kudanganya kwenye posho. Hapo jimbo linafungua daftari wiki sita, asilimia 10 ya wapiga kura wakisaini, kiti kiko wazi. Ian Paisley wa North Antrim aliponea 2018 kwa tundu la sindano, saini ziliishia asilimia 9.4. Peterborough mwaka uliofuata hawakumsamehe wa kwao.

Na aliyechoka mwenyewe hawezi kujiuzulu. Nasema kweli. Azimio la 1624 linamzuia. Kwa hiyo anaomba cheo cha msimamizi wa mashamba ya mfalme, Chiltern Hundreds au Northstead, kazi isiyo na shamba la kusimamia wala mshahara wa maana. Mwenye cheo cha mfalme haruhusiwi kukaa bungeni, basi kiti kinaanguka chenyewe. Boris Johnson alitokea mlango huo 2023.

Kuna na wa Runcorn and Helsby, Mike Amesbury. Yeye alimpiga ngumi mwananchi wake mwenyewe mtaani, usiku, ndani ya jimbo lake. Mahakama ikamtia hatiani, akaachia kiti, na uchaguzi mdogo wa Mei 2025 Reform wakakichukua kwa kura 6. Kura sita, Ngosha. Usiniambie mwananchi hana nguvu.

Ngosha Mkavu #12

Sita si nguvu, ni bahati. Lakini nimekubali huyo wa ngumi alistahili.

MamaNdizi #13

Ngosha, kuna kitu kingine mjue: usiku wa matokeo. Mawaziri wanarudi majimboni kwao, wanapanda jukwaa la ukumbi wa michezo saa nane au tisa usiku pamoja na wagombea wote, wanasomewa kura zao hadharani. Mwenye dhamana ya pauni 500 na saini kumi anaruhusiwa kusimama. Ndiyo maana 2024 mlimwona Rishi Sunak, waziri mkuu mzima, amesimama kule Richmond and Northallerton na mtu aliyevaa pipa la takataka kichwani. Huyo ni mgombea halali, ana kura zake. Liz Truss usiku huo huo alipoteza South West Norfolk kwa kura 630. Mara ya mwisho kabla ya hapo alikuwa ameshinda kwa zaidi ya 26,000.

Sunak naye tumdai kidogo. Baba yake mzaliwa wa Kenya, mama yake Tanganyika. Shailesh Vara aliyekuwa mbunge wa North West Cambridgeshire tangu 2005 ni mzaliwa wa Uganda. Kaangushwa 2024 kwa kura 39 na kijana wa miaka 22. Peter Hain, aliyewakilisha Neath huko Wales karibu robo karne, kazaliwa Nairobi.

Kabare wa Bukavu #14

Bandugu, jambo. Mie ni mutu wa Bukavu, niko Birmingham mwaka wa tatu. Nasoma hapa munasema "mbunge ni wako hata kama si raia". Sasa kura nayo ninaweza kupiga?

Wakili Msomi #15

Kabare karibu sana. Kuandikiwa barua, ndiyo, wewe ni wake kama yeyote anayeishi hapo. Kura ya ubunge hapana, mpaka upate uraia. Kongo haimo Jumuiya ya Madola, na Burundi vilevile.

Ila wengine humu sikilizeni, maana wengi mnalala na haki yenu. Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mnyarwanda pia tangu waingie 2009: ukiwa unaishi Uingereza kihalali, hata kwa viza ya masomo au ya kazi, unaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura ya ubunge. Si ya diwani tu. Ya BUNGE. Huhitaji pasi yao nyekundu wala ya bluu. Kitambulisho kituoni pasipoti yako ya nyumbani inatosha, nchi za Jumuiya ya Madola zimekubaliwa.

Kijana wa Makorora #16

SUBIRI. Miaka sita niko hapa. Mimi zile barua za daftari la wapiga kura zinazokuja mlangoni huwa natupa nikijua za mwenye nyumba!

MamaNdizi #17

Usitupe mwanangu. Ukiandikiwa na afisa ukakaidi, kuna faini ya pauni 80. Na kuwemo kwenye daftari kunakusaidia hata ukienda kukopa, wanaangalia humo kuona kama anwani yako ni ya kweli.

Kabare wa Bukavu #18

Aksanti. Basi mie nitaandika tu barua, kura mutanipigia ninyi.

Nyange wa Kisii #19

Wasee, nimesoma hii thread nikiwa kwa break, mimi ni nesi wa night shift. Niko London, mtaa wa Hendon. Nimeenda kuangalia matokeo ya jimbo langu ya 2024.

Mshindi alipita na kura 15.

Kumi na tano. Ndiyo tofauti ndogo kuliko zote nchi nzima mwaka huo, nimeangalia mara mbili nikidhani macho ni ya usingizi.

Mushi wa Leeds #20

Na wewe ulipiga?

Nyange wa Kisii #21

Sikujua naweza. Hebu ngoja nihesabu. Nyumba yetu tuko Wakenya wanne. Juu yetu kuna Waganda watatu, wanafanya kazi kwa ghala. Dada wa saluni na bwanake, Watanzania, wawili. Kwa choir yetu wanaokaa upande huu ni... Mama Boke, Deacon na mkewe, wale mapacha, hao ni watano. Tumefika kumi na nne.

Nasahau nani?

Nyange wa Kisii #22

Landilodi. Ni Mghana. Kumi na tano.